Maneno Niliyomlisha Paka

Mimi si mtu wa kukaa. Mtaani kwetu wote wanalijua hilo. Naishi Butembo, upande wa Rughenda, ambako ndege ndogo ikishuka mabati yanatetemeka, nami tayari nimesimama mlangoni kutazama ni nani anayekuja, utadhani kuna mtu wangu ndani. Hakuna mtu wangu ndani. Watoto wangu wana nyumba zao mbali, mume wangu nilikwisha kumzika, na mimi nauza nguo za mitumba za watoto. Nazipanga sebuleni kwangu mwenyewe, kwa sababu sokoni mvua na wezi wamenishinda. Naamka kabla ya kengele ya misa ya kwanza. Nafagia, napanga, napangua, nafagia tena. Marehemu alikuwa akisema kwamba hata nikikaa kitini, miguu yangu inaendelea na safari chini ya meza.

Kitabu nilikipata ndani ya balo, yaani ule mzigo mkubwa wa nguo unaokuja umekazwa kwa mikanda ya plastiki. Nilikata mikanda, nguo zikafumuka, na katikati ya suruali za kitoto kikaanguka kitabu cha karatasi nene, pembe yake moja imetafunwa na meno ya mtoto wa nchi nisiyoijua. Nikakifungua kutafuta maneno. Ukurasa wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Nikakiinua dirishani kwenye mwanga, nikakigeuza juu chini. Mimi nilisomeshwa na masista waliokuwa wakipiga vidole kwa rula, na kwao kitabu kilikuwa ni herufi. Picha ilikuwa zawadi ya kukaa kimya. Nikadhani mashine ya kuchapa iliishiwa wino wa maneno, ikabaki na wino wa picha. Ningekitupa. Lakini nyumbani kwangu wakati huo kulikuwa na mtoto.

Mtoto huyo alikuwa na miaka sita. Mama yake ni binti wa mdogo wangu aliyefariki, kwa hiyo ni binti yangu, ananiita mama mukubwa. Walifika kutoka Beni, kata ya Beu, yeye na huyu msichana na kichanga mgongoni, asubuhi moja nikiwa naanika nguo. Huko Beni watu walikuwa wanalala na viatu miguuni, tayari kukimbia risasi zikilia. Mume wake, dereva wa lori, alibaki kulinda nyumba na kungoja mizigo. Nilipoona wanakuja na godoro juu ya pikipiki, nikaacha nguo kwenye matope nikakimbia kuwapokea.

"Ni siku tatu tu, mama mukubwa," binti yangu alisema hata kabla sijamuuliza. "Siku tatu, mambo ikitulia tunarudia."

Nikamwambia anyamaze na maneno yake ya siku. Nyumba ni yake. Nilisema hivyo kwa moyo mmoja, Mungu ananiona.

Siku tatu zikawa wiki tatu. Wiki tatu zikaingia mwezi wa pili, kisha wa tatu. Binti yangu si mvivu. Alipika, alifua, aliteka maji kabla sijaamka, nami ni mtu wa kuamka mapema. Labda hapo ndipo penye shida. Kila kitu nilichozoea kukifanya nilikikuta kimekwisha kufanywa, na si kwa namna yangu. Ufagio ulisimama kona nyingine. Sufuria zilipangwa kubwa juu ya ndogo. Nguo nilizozitenga kwa umri nilizikuta zimetengwa kwa rangi, zinapendeza kweli, lakini mama anayekuja kutafuta koti la mtoto wa miaka miwili hatafuti rangi. Nilizunguka nyumba yangu mwenyewe kama mtu aliyeangusha sindano. Nilitoka, nikarudi, nikatoka. Nilikwenda hadi ng'ambo ya kiwanja cha ndege bila shida yoyote ya kwenda huko, nikatazama majani, nikarudi.

Kitabu kilitusaidia mwanzoni. Picha zake zilikuwa hivi: paka mnene wa manjano amelala katika nyumba safi, peke yake, mwenye raha zake. Wanatokea watu wadogo sana, hata kucha ya paka inawapita urefu. Wana mizigo. Mmoja amebeba chungu kilicho sawa na punje ya mahindi. Wanapanda mezani, wanakunywa tone la maziwa lililomwagika, wanaanika nguo zao kwenye masharubu ya paka, wanalala ndani ya manyoya yake. Paka anawatazama kwa jicho moja. Kisha, karibu na mwisho, kuna picha moja kubwa inayojaza kurasa mbili. Watu wadogo wako sakafuni, wamejipanga mstari, mizigo iko migongoni. Paka amesimama, kinywa wazi. Huwezi kujua kama wale watu ndio wanafika tena kutoka mahali fulani au wanaondoka. Huwezi kujua kama paka anapiga mwayo, anaita, au anafukuza. Baada ya hapo ni picha ya mwisho, dirisha tu na jua. Aliyechora hakutaka kusaidia mtu.

Msichana alikipenda mara moja. Mimi nilikuwa nahangaika kutafuta kitabu kinasema nini, yeye akawa anaona tu.

"Haba badogo banatoka Mavivi," alisema, akitaja kijiji cha karibu na kwao Beni, kisha akaonyesha aliyebeba godoro. "Huyu iko nabeba matela. Huyu iko nabeba mutoto. Huyu alisahau viatu."

"Na paka?"

"Paka njo mwenye nyumba."

Tangu siku hiyo kila alasiri ilikuwa "Koko, kitabu." Koko ni mimi, bibi yake. Nilimsimulia, na kwa sababu siwezi kutulia hata katika hadithi, kila siku nilibadilisha. Siku moja wale wadogo walikuwa wafanyabiashara wa maharage. Siku nyingine walikuwa wanakwaya waliopotea njia. Yeye alivumilia yote, lakini tukifika kwenye ile picha kubwa alinipokonya usemi. Hapo paka lazima aseme "karibu". Alilisema mwenyewe, kwa sauti nzito ya paka, na mama yake jikoni alicheka kila mara.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu, ili nisionekane mwema kuliko nilivyo. Kwetu mgeni haulizwi ataondoka lini. Hata akae mwaka. Ukimuuliza, aibu ni yako, na mtaa mzima utaijua kabla jua halijazama. Lakini watu ni watu, na nyumba ni ndogo, kwa hiyo kuna njia nyingine. Unamwambia mtoto, au mbwa, au kuku, na mgeni anasikia. Nilimwona mama yangu akifanya hivyo nikiwa msichana. Mjomba mmoja alikuja kwa ajili ya harusi akakaa wiki tano, na kila siku alikuwa na maoni kuhusu chumvi. Asubuhi moja mama akamwelekea kuku aliyekuwa akiparua uani, akamwambia kwa upole kabisa, "Weye kuku, utatuparulia hapa mupaka siku gani? Kwenu hakuna udongo?" Mjomba alikuwa ananawa uso. Mchana ule ule akakumbuka kwamba maharage yake huko Lubero yamekomaa. Kuku alibaki. Hakuna aliyegombana na mtu, na mjomba aliendelea kutuletea viazi kila mwaka.

Kwa hiyo mtu wa kwetu, aliyelelewa vizuri, ana masikio mawili. La kwanza linasikia yanayosemwa. La pili linasikiliza yanasemwa kwa nani.

Ilikuwa alasiri ya mvua. Asubuhi yake nilikuwa nimetenga gauni jeupe la komunyo ya kwanza, zuri, lina kola ya vitambaa vya maua, nimekwisha kumwahidi mama mmoja wa parokia. Nililitundika juu ya mlango wa chumba. Binti yangu akapita na kichanga begani, kichanga kikatapika. Uji wote, kuanzia kola hadi kiunoni.

"Mama mukubwa, pardon," alisema, akawa kama anataka kulia. "Nitaifua, itatakata."

"Haiko kitu," nikasema. "Mutoto ni mutoto."

Nikakunja gauni, nikatoka nje kwenye mvua, nikasimama chini ya ukingo wa paa bila kujua ninafanya nini. Nilikuwa na hasira. Si hasira ya gauni. Ilikuwa hasira ya ufagio na sufuria, ya kusubiri zamu ya choo kwangu mwenyewe, ya kusema "haiko kitu" kwa miezi mitatu. Nilikuwa nimemeza vitu vingi. Nikaingia ndani. Msichana alikuwa amekaa juu ya balo na kitabu mapajani. Mama yake alikuwa kizingitini mwa jiko, hatua nne kutoka kwetu, anamenya viazi.

"Koko, kitabu."

Nikasimulia vizuri mwanzoni. Tulipofika kwenye picha kubwa akavuta pumzi aseme neno lake, nami nikamtangulia.

"Paka akasimama," nikasema. "Akafungua kinywa, akasema: Nyinyi, mulikuya hapa mukasema siku tatu. Siku tatu! Sasa mwezi wa tatu iko naisha. Mumeanika nguo ku masharubu yangu, mumepika mu chungu yangu, mutoto yenu ametapika ku manyoya yangu. Hamuna kwenu? Mufunge mizigo murudie, na miye nilale mu nyumba yangu."

Sauti yangu ilikuwa ya mchezo. Nilikunja hata vidole kama kucha. Na nilikuwa namtazama mtoto, sikumtazama mama yake hata kidogo. Kwa mtu wa kwetu hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo.

Kisu jikoni kilisimama. Nililisikia lile tuo. Kisha kikaendelea.

"Hapana, Koko," msichana akasema. "Paka hapana kusema vile. Paka anasemaka karibu."

"Leo amesema vile," nikamjibu, nikafunga kitabu.

Tulikula viazi. Binti yangu alikuwa mchangamfu, aliniuliza habari za parokia, akanisugulia mgongo kwa mafuta kwa sababu nilikuwa nimepigwa na mvua. Nikajiambia hakusikia. Nikajiambia, na hata kama alisikia, ilikuwa hadithi ya paka. Nilijiambia mambo mengi, na yote niliyasema haraka haraka.

Kesho yake nilitoka mapema kwenda kumtafuta yule mama wa parokia nimpe pole kwa gauni. Niliporudi, uani kulikuwa kumefagiwa. Ufagio ulisimama kwenye kona yangu ya zamani. Sufuria zilikuwa zimepangwa ndogo ndani ya kubwa, kama nilivyozipanga miaka yote, maana yake alijua siku zote nilivyotaka. Nguo zilitengwa kwa umri. Gauni la komunyo lilikuwa kwenye kamba, jeupe pe. Maharage yalikuwa yameiva, yamefunikwa sahani. Godoro lao halikuwepo.

Jirani alinijia hadi uzio, mikono kiunoni.

"Mutoto wako ameenda na matela na batoto," alisema. "Miye nikasema utakuwa naye ku parking ya magari ya Beni. Kumbe haukumusindikiza?"

Kwetu hata muuza mkaa akinywa maji kwako unamsindikiza hatua kumi. Mimi binti yangu mwenyewe alikuwa ameondoka na kichanga na mtoto na godoro bila mtu wa kumshikia hata mfuko. Nikamjibu jirani kwamba gari lilikuwa na haraka. Akanitazama, akaguna, akarudi kwake kusimulia.

Nikapiga simu. Haikupita. Nikapiga tena, nikiwa natembea, kwa sababu mtaani kwetu mtandao unapatikana zaidi karibu na uzio wa kiwanja cha ndege. Baada ya saa sita mchana akapokea. Sauti ilikuwa ya mbali.

"Tulifika muzuri, mama mukubwa. Aksanti kwa yote ulitufanyia. Mungu akubariki."

"Ju ya nini hamukuniambia?"

"Hatukutaka kukusumbua."

Simu ikakatika, au aliikata. Sikuweza kulalamika. Alikuwa ameongea kwa adabu yote, na adabu hiyo ndiyo iliyoniondolea usingizi.

Siku ya pili sokoni watu wakasema risasi zimesikika upande wa Mavivi. Kwetu habari kama hiyo hupita kila mara. Mtu anaisema huku akichagua nyanya. Lakini siku ile niliacha nyanya zangu kwenye meza ya muuzaji nikaondoka. Nilipanga nguo, nikapangua. Mteja mmoja alinisemesha mara tatu sikumsikia. Kitu kimoja tu kilikuwa kinazunguka kichwani: mimi nimemtoa mtu mahali ambapo watoto wake walikuwa wanalala bila viatu, nikamrudisha mahali ambapo wanalala navyo. Nilimtoa kwa kinywa cha paka, nikijifanya nacheza na mtoto. Mama yangu na kuku wake alimtuma mjomba akavune maharage. Mimi nilituma binti wa marehemu mdogo wangu kwenye risasi. Niliogopa, na niliona haya, na sikujua lipi linaniuma zaidi.

Siku ya tatu nikapanda gari la Beni. Sikuwa nimekwenda kwa muda mrefu. Tulikaa wanne kwenye kiti cha watatu, na mama aliyekuwa pembeni yangu aliniomba mara mbili nitulize magoti. Kwenye vizuizi tulishuka, tukatembea kwa miguu na kadi mkononi, tukapanda tena. Mwanajeshi mmoja kijana aliniuliza naenda kufanya nini. "Kumuona mutoto wangu," nikasema. Akasema, "Pole, maman," bila sababu yoyote, akanirudishia kadi. Maneno hayo nilikaa nayo hadi tulipoingia mjini.

Beu ilikuwa inaendelea na maisha yake. Nusu ya watu ninaowajua huko wana desturi hiyo: wanauza mafuta na samaki wakavu, wanagombana kwa sababu ya mtaro, na sikio moja liko mbali. Nyumba yao niliikuta, mlango wazi. Binti yangu alikuwa anapepeta mchele. Aliponiona alisimama ghafla, ungo ukainama, mchele ukamwagika, akanikumbatia na mikono yenye vumbi. Msichana wake hakunikimbilia. Alikaa nyuma ya mlango akanitazama kwa jicho moja.

Nilipewa kiti kizuri. Nilipewa maji ya kunawa, chai, mikate ya siku ile, kisha wali na sombe, yaani kisamvu. Hakuna aliyeniuliza nimekuja kufanya nini, kwa sababu mgeni haulizwi. Mume wake alikuwa safarini na lori. Tulizungumza habari za bei ya mafuta, za bwana mmoja wa parokia aliyeanguka, za kichanga kuota jino. Kila mara nilipofungua kinywa nilisema jambo lingine. Mimi ninayeongea na kila mtu, hata na nguo zangu, nilishindwa.

Mwishowe yeye ndiye aliyenihurumia. Alikuwa ananyonyesha, anatazama kichanga, akasema kwa sauti ya chini, "Mama mukubwa, ile siku ya kitabu. Ile ilikuwa tu histoire ya mutoto. Hapana kuweka mu roho."

Alikuwa amenifungulia mlango. Ningepita bila kuinama. Ningecheka, ningesema kweli, ni hadithi, nyinyi vijana mna masikio marefu, tungecheka wawili, na ningerudi Butembo na heshima yangu yote ya mama mkubwa. Kwetu mzee hamwombi msamaha mtoto. Anatafuta kuku, anamleta, na mambo yanakwisha. Hata nilikuwa na kuku, nilimnunua njiani, alikuwa amefungwa miguu chini ya kiti changu.

"Hapana," nikasema. "Haikukuwa ya mutoto. Ilikuwa yako. Nilikuwa nasema na weye."

Akamhamishia kichanga titi la pili. Kichanga kilinyonya. Huko nje mtu alikuwa anapigilia bati.

"Nilichoka," nikaendelea, na sasa sikuweza kusimama. "Nilichoka na nyumba yangu kujaa. Nikaona haya kukuambia mu macho, nikakuambia kwa mutoto wako. Nilikosa. Nilikosa sana, mama."

Nilimwita mama, kama tunavyowaita mabinti zetu tukiwapenda. Akaanza kulia bila sauti, machozi yakawa yanaanguka kwenye kichwa cha mtoto, naye anayafuta kwa kiganja.

"Donc, kumbe nilisikia muzuri," alisema. "Miye hapa nilikuwa najiuliza: kama hakusema vile? Kama miye njo mubaya, nimemuwazia mama mukubwa mubaya, nikatoka kwake bila kuaga? Siku tatu sikulala. Sikuogopa hata mulio ya masasi. Niliogopa ile."

Mimi nilikuwa Butembo nikijihesabia kosa moja, kumbe nilikuwa nimemfanyia mawili: nilimfukuza, kisha nikamwacha ajishuku mwenyewe.

Nikamwomba warudi wote. Nikasema siku ile ile, gari lipo. Akatikisa kichwa. Alisema hajakasirika, na nilimwamini. Alisema mume wake akirudi kutoka barabarani akikuta nyumba tupu anakosa nguvu, na yeye amechoka kuwa mgeni, hata mgeni wa mtu anayempenda. Lakini shule ya mtoto ilikuwa inafungwa mara kwa mara kwa ajili ya usalama, na msichana alikuwa amesahau hata nyimbo za darasani.

"Mukubwa huyu, uende naye," alisema. "Asome. Sisi tutakuya Noeli."

Msichana alisikia yote kutoka nyuma ya mlango. Alikwenda kuvaa gauni lake la kanisani. Binti yangu alitusindikiza hadi kituoni, kichanga mgongoni, mfuko wangu kichwani mwake, akakataa kabisa niushike. Alikaa hadi gari lilipojaa, na gari la Beni hujaa polepole. Lilipoondoka alikimbia nalo hatua chache, mkono dirishani.

Sasa ni muhula wa pili. Msichana anasoma vizuri, mwalimu anamsifu. Anakula, ananisaidia kutenga nguo, na nimemwachia azitenge kwa rangi akitaka. Kitabu tunacho. Haniombi tena nimsimulie. Siku moja nilimwambia, "Lete, leo paka atasema karibu, atasema mara kumi." Akakileta kwa utii, akakaa, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Aksanti, Koko," akaenda kukirudisha. Huwa anakifungua akiwa peke yake. Midomo yake inacheza. Nikikaribia inasimama.

Ni mtoto mwenye heshima kuliko wote mtaani, majirani wananiambia, nami kila wakiniambia natamani avunje kitu. Zamani alikuwa anaingia nyumbani kwangu mbio, miguu ya matope, akidai maji. Sasa akirudi kutoka shule anasimama nje ya mlango, hata ukiwa wazi, anasema "Hodi," anangoja. Nimemwambia, "Hapa kwenu, mama, ingia tu." Anaitikia "Ndiyo, Koko," na kesho yake ananisubiri pale pale. Nimemwambia kwa upole, nimemwambia kwa ukali, nimemwambia kwa mzaha. Sijamwambia kwa kupitia kuku wala mbwa. Nimemwambia machoni.

Juzi nilikuwa nyuma ya nyumba, nimechelewa kuanua nguo, mvua kubwa ikanikuta. Nilisimama chini ya kibanda cha jirani hadi ikapungua, labda nusu saa, nikikanyaga huku na huku. Niliporudi kupitia mbele nilimkuta mlangoni. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Moto ulikuwa unawaka ndani, uji uko juu yake. Alikuwa amesimama nje, amelowa hadi mifupa, madaftari ameyaficha chini ya sweta, meno yanagongana.

"Kwani unafanya nini hapa?" nikapiga kelele. "Ju ya nini haukuingia?"

Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua adabu.

"Nilisema hodi, Koko," akasema. "Hapana mutu aliitika."